Samaki wa Tana na Chakula Chao

Ndugu wapendwa wa vikundi, mnatuambia samaki wamepungua kwa sababu ya nyavu za matundu madogo. Sawa, lakini tutazame maji pia. Zamani, kutoka Garissa kushuka hadi Garsen, Mto Tana ulifurika mara mbili kwa mwaka, ukajaza mabonde na maziwa ya kando. Huko ngege na kambare walikula majani yaliyooza, wadudu na konokono, wakazaana. Tangu Bwawa la Masinga likamilike 1981, mafuriko ya kawaida yamepungua, na matope yenye rutuba hutuama bwawani. Samaki hubaki mtoni, na chakula kiko ng'ambo, pakavu! Umeme tunautaka, hatuupingi. Ila tukienda kwa wakubwa, tusizungumzie nyavu tu. Tuulize maji yatafunguliwa lini, mwezi gani.