Tangazo lililo picha halimfikii asiyeona

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya tovuti. Najua wapo watakaosema hayo ni mambo ya Dar es Salaam, ya watu wenye meza na kiyoyozi. Sivyo hata kidogo. Siku hizi mwanafunzi wa Butiama anayetaka mkopo wa elimu ya juu huuomba mtandaoni. Matokeo ya mitihani ya taifa hutazamwa mtandaoni. Anayetafuta kazi serikalini hupeleka maombi yake kwa mtandao wa Sekretarieti ya Ajira, si kwa bahasha ya kaki kama zamani zetu. Kwa hiyo tovuti imekuwa mlango wa ofisi, na lazima tuulize ni nani anayeweza kuupita.

Wengi wetu hudhani kwamba mtu asiyeona hana shughuli na kompyuta. Anayo, ila anaitumia kwa masikio. Ipo programu iitwayo NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona. Inasoma kwa sauti maandishi yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, nayo hutolewa bure. Katika simu nyingi za Android imo TalkBack, ifanyayo kazi hiyo hiyo. Kiswahili nacho kinasomwa, ingawa maneno mengine hutamkwa kama na mgeni aliyeshuka jana.

Tatizo ni kwamba programu hizi husoma herufi. Picha ya herufi huwapa taabu, na mara nyingi huiruka tu. Sasa angalia tunavyofanya kazi. Ofisi huandika tangazo vizuri kwenye kompyuta, hulichapa, mkubwa hutia sahihi, muhuri hugongwa, halafu karatasi ile hupigwa picha kwa mashine na picha hiyo ndiyo inayowekwa kwenye tovuti. Kwa mimi na wewe ni tangazo kamili, na muhuri wake wa bluu. Kwa asiyeona, simu husema "picha", kisha kimya.

Nililiona hilo mjini Bunda, kwenye duka moja la stesheneri karibu na stendi. Alikuwapo kijana mwenye stashahada ya ualimu, asiyeona tangu utotoni. Alinitambua kwa sauti kabla sijajitaja. "Shikamoo mama, wewe si yule wa redioni?" Alikuwa amekuja kusomewa tangazo la kazi la taasisi moja ambayo sitaitaja. Simu yake ingeweza kumsomea akiwa nyumbani kwao. Badala yake alilipa bodaboda, akamlipa na mwenye duka. Ilipofika zamu ya kujaza fomu, ndipo niliposhtuka. Vitufe vya fomu ile havikuwa na majina, simu ikawa inasema "kitufe, kitufe, kitufe". Basi akamtajia mhudumu namba yake ya kitambulisho cha taifa, akamtajia na nywila yake, kwa sauti, sisi wengine tukiwa kwenye foleni nyuma yake. Sisi tunaoona tunaambiwa kila siku tusimpe mtu nywila. Yeye angefanyaje?

Sheria tunayo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya wafanyakazi wenye ulemavu. Mwaka mmoja kabla yake, 2009, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Hiyo asilimia 3 itatoka wapi kama mwombaji hawezi hata kujua kwamba kazi imetangazwa?

Nataka nieleweke: siombi mitambo mipya. Shirika la W3C, linaloandaa kanuni za tovuti duniani, lilitoa mwongozo wake wa kwanza juu ya jambo hili mwaka 1999. Mengi yaliyomo ni kazi ya mkono wa mtu mmoja aliyekaa mbele ya kompyuta. Maandishi yawekwe kama maandishi, na nakala yenye muhuri iwekwe pembeni kwa anayeitaka. Picha iandikiwe maelezo. Kitufe kipewe jina. Herufi ziwe nyeusi za kuonekana, si kijivu juu ya nyeupe. Hili la rangi litawafaa wenye ualbino, ambao wengi wao huona kwa shida, na litamfaa hata muuza dagaa anayesoma simu juani pale Mwigobero. Litanifaa na mimi, maana miwani nimeshaanza kuitafuta.

Sisi wa redio tusijione wema. Asiyeona tunamfikia, lakini kwa kiziwi redio ni sanduku tu. Ndiyo maana nafurahi mazungumzo haya yakichapwa gazetini. Na ofisi zinazoweka hotuba za video mtandaoni bila maandishi chini yake zinamwacha kiziwi vivyo hivyo.

Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Basi ndugu zangu maafisa TEHAMA wa Musoma, Bunda na Butiama, mkifika ofisini Jumatatu fungueni tovuti zenu kwenye simu, washeni TalkBack, fumbeni macho, halafu mlitafute tangazo la mikopo hiyo mpaka mlisikie likisomwa.