Shingo Ngumu: Maneno kwa Mama wa Watoto Wadogo

Mama zetu wa Kisangani, leo tuseme juu ya shingo ya mtoto.

Mtoto akipata homa, sisi wote tunafikiri malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini mwaka 2021 ugonjwa mwingine ulishika Banalia, hapo kwenye barabara ya kwenda Buta. Ni menenjiti. Ulitangazwa mwezi wa Septemba, na ulipokwisha, Januari 2022, watu zaidi ya 200 walikuwa wamekufa. Banalia si mbali nasi.

Menenjiti inashika ngozi nyembamba inayofunika ubongo na uti wa mgongo. Mtoto mkubwa analia kichwa, anatapika, anakimbia mwanga. Mwambie agusishe kidevu kifuani: hawezi, shingo imekuwa kama fimbo. Kwa mtoto mchanga ni vigumu zaidi, maana shingo yake inaweza kubaki laini. Basi umtazame utosi, pale panapopiga-piga juu ya kichwa. Umevimba hata akiwa ametulia? Anakataa ziwa? Ukimbeba analia zaidi, badala ya kunyamaza? Mama, usingoje asubuhi.

Akishikwa na degedege, wengine watasema ni ndege, atiwe dawa ya majani puani. Hapana! Mlaze ubavu, usitie kitu kinywani, hata kijiko, hata maji, kisha mbio hospitali.

Na kipimo kikionyesha malaria, usitulie kama shingo ingali ngumu. Magonjwa mawili yanaweza kukaa ndani ya mtoto mmoja. Mwambie muganga.

Sasa ile sindano ya mgongo. Maneno ya pale kwenye benchi ninayajua: eti inaua, eti inalemaza. Sindano inaingia chini, mahali uti wenyewe umekwisha kupita, inachota maji kidogo tu. Maji mazuri ni meupe kama ya mvua. Ya ugonjwa mara nyingi yanafanana na maji ya mchele. Kinachoua ni kuchelewa. Baba akikataa, aje aulize mwenyewe.

Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zinazuia baadhi ya vijidudu hivi, si vyote.

Mtoto akipona, amalize dawa. Halafu simama nyuma yake, gonga sufuria. Asipogeuka, mrudishe kwetu: ugonjwa huu unaweza kuziba masikio, na mtoto asiyesikia anaitwa mkaidi, anapigwa bure.