Aliyeketi Kando ya Njia

Dominika ya 30 ya Mwaka B
Masomo: Yer 31:7-9, Ebr 5:1-6, Mk 10:46-52



Injili ya leo inatukuta barabarani. Yesu anatoka Yeriko pamoja na wanafunzi wake na umati mkubwa wa watu, naye anapanda kwenda Yerusalemu. Ni safari ya miguu ya zaidi ya kilometa 20, tena ya kupanda, kwa kuwa Yeriko uko chini ya usawa wa bahari na Yerusalemu uko juu milimani. Kando ya njia ameketi kipofu mmoja, Bartimayo mwana wa Timayo, anaomba. Aliposikia kwamba anayepita ni Yesu Mnazareti, alipaza sauti kuomba huruma. Hapo Mwinjili Marko anatuambia jambo la kuhuzunisha: watu wengi walimkemea, wakamtaka anyamaze.

Tuwatazame vizuri hao waliomkemea. Hawakuwa maadui wa Yesu. Walikuwa wenzake wa safari, watu waliomsikiliza na kumpenda. Kosa lao lilikuwa moja: walidhani njia ni mali ya wale wanaopita juu yake, na kwamba aliye kando ni kero inayochelewesha safari. Basi, wapendwa, kwa kosa hilo Injili ya leo inatugusa sisi tunaoishi katika miji mikubwa, na kwa namna ya pekee jiji la Dar es Salaam.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu zaidi ya milioni 4.3 katika mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Jiji limetambaa kutoka Bunju hadi Chamazi, kutoka Kivukoni hadi Kibamba na Chanika, lakini sehemu kubwa ya kazi, ofisi na biashara imebaki Posta na Kariakoo. Kwa hiyo kila alfajiri jiji zima huelekea upande mmoja, na kila jioni hurudi kwa pamoja. Baba huondoka watoto wakiwa wamelala, hurudi wakiwa wamekwisha kulala. Mama huketi saa mbili katika foleni akiwaza kama watoto wamekula. Tunaposikitika kwamba Rozari haisaliwi tena nyumbani na kwamba wanaume hawaonekani katika jumuiya ndogo ndogo, tusikimbilie kusema imani imepungua. Tuulize pia ni saa ngapi za familia zinazomezwa na barabara kila siku.

Tulifikaje hapa? Mwaka 1974 lilianzishwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Mabasi yake hayakuwatosha wananchi, na mwaka 1983 Serikali ikawaruhusu watu binafsi kuendesha mabasi ya abiria. Nauli ilikuwa shilingi 5, na sarafu ya shilingi 5 iliitwa dala. Ndipo yakapata jina la daladala. Baadaye magari ya binafsi yakaongezeka, kisha zikaja bajaji na bodaboda. Kila mmoja alijitafutia njia yake ya kufika, na mwisho wake ni kwamba wote tunachelewa pamoja.

Tufanye hesabu ndogo, hata mtoto wa Kipaimara aweze kuifuata. Daladala moja la wastani hubeba watu wapatao 30. Watu hao hao wakiingia kila mmoja katika gari lake dogo, tutapata magari 30. Yakipangwa kwa mstari mmoja, yakiwa yamesimama tu, yatajaza zaidi ya mita 150 za barabara, na yakianza kwenda yatahitaji nafasi kubwa zaidi. Watu ni wale wale, safari ni ile ile, bali nafasi iliyochukuliwa imezidi mara nyingi. Ndiyo sababu kupanua barabara peke yake hakumalizi foleni. Madaraja ya juu yaliyofunguliwa Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021 yameleta nafuu ya kweli katika makutano hayo, nasi tunashukuru. Lakini daraja halipunguzi idadi ya magari; foleni iliyotoka hapo huweza kutusubiri mbele.

Mwaka 2016 yalipoanza mabasi yaendayo haraka kati ya Kimara na Kivukoni, tuliona jambo jipya. Basi refu lenye abiria zaidi ya 100 lilipewa njia yake, likapita wakati magari ya mtu mmoja mmoja yamesimama. Mkurugenzi na mfagizi walisimama bega kwa bega. Jiji letu likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini wasikilizaji wetu wa Kimara na Mbezi wanaufahamu upande wa pili: abiria waliosongamana vituoni wakisubiri mabasi yasiyotosha, wagonjwa na wazee waliosukumwa mlangoni, na huduma iliyokatizwa kila maji ya Mto Msimbazi yalipofurika pale Jangwani.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa jambo hili katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aya ya 153. Alisikitikia miji iliyojaa magari yanayobeba mtu mmoja au wawili, akataka usafiri wa umma upewe kipaumbele. Hata hivyo alitambua kwamba wengi hawatakubali kuacha magari yao iwapo usafiri huo unawatendea abiria pasipo heshima, kwa msongamano, uchache wa vyombo na kukosa usalama. Maneno hayo yanatuzuia kuhukumu kwa haraka. Gari si dhambi. Gari humfikisha mama mjamzito hospitali usiku, na humfikisha padre kwa mgonjwa anayehitaji Mpako. Swali letu ni jingine: je, gari limekuwa chombo cha kututumikia, au limekuwa kipimo cha utu?

Tuseme ukweli, wapendwa. Katika jiji letu mtu mwenye gari huitwa bosi hata na asiyemfahamu, na mwenye baiskeli husukumwa mtaroni kwa honi. Tumesahau mara hii? Kanisa letu vijijini lilikuzwa kwa miguu na kwa baiskeli ya katekista. Katekista alifunga kitabu cha nyimbo nyuma ya baiskeli, akavuka mito na mapori, akawafundisha babu zetu ishara ya Msalaba. Leo mjukuu wake anayesambaza mikate au mayai kwa baiskeli mjini haoni njia ya kupita. Kando ya Barabara ya Morogoro zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli pamoja na njia ya mabasi. Lakini mara ngapi tumeona bodaboda zikizigeuza kuwa njia zao za mkato, au gari limeegeshwa juu yake? Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Sisi tumeifanya methali hiyo kuwa sheria ya barabarani, na anayepisha daima ni mtoto wa shule, mama mwenye beseni kichwani, na mlemavu katika kiti chake.

Hili si jambo la adabu tu. Ni jambo la uhai. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inaonyesha kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kwa mwaka, na kwamba ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2290, inafundisha kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wengine barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mwendo kasi ana hatia nzito. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, namba 30, uliwataja wanaodharau sheria za mwendo wa magari kuwa mfano wa watu wasiojali maisha ya jamii. Basi tunapojitafiti kabla ya Kitubio, tusiishie kwenye mambo ya nyumbani. Amri ya tano inasafiri nasi hadi kwenye usukani.

Pengine dereva wa daladala anayetusikiliza anasema moyoni: Padre, huyajui maisha yetu. Tunayajua kiasi, ndugu yetu. Madereva na makondakta wengi hawana mshahara wa kudumu. Kila siku wanapaswa kupeleka hesabu kwa tajiri, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho riziki yao. Vivyo hivyo kijana wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba. Akikosa abiria, deni halikosi. Ndiyo maana anakimbia, na ndiyo maana mwanafunzi mwenye nauli nafuu anaachwa kituoni, akisukumwa mlangoni kama Bartimayo aliyeambiwa anyamaze. Tunayasema haya bila kuihalalisha dhambi ya kumwacha mtoto juani. Tunataka tajiri naye aisikie sehemu yake. Nawe mwenye daladala mbili au pikipiki tano, unayekaa kiti cha mbele kanisani: hesabu unayodai jioni, je, inaweza kupatikana bila kuvunja sheria? Ikiwa haiwezekani, basi mwendo kasi ule ni wako pia, ingawa hukushika usukani.

Sasa tumrudie Bwana wetu. Alipoisikia sauti ya Bartimayo alifanya mambo matatu.

La kwanza, alisimama. Alikuwa na safari kubwa kuliko safari zetu zote, safari ya kwenda kutukomboa, na hata hivyo alisimama kwa ajili ya mtu mmoja. Sisi tunashindwa kusimama kwenye kivuko chenye mistari ili watoto watatu wavuke. Haraka haraka haina baraka, na haraka inayopita juu ya mwenzetu ina laana.

La pili, aliwaambia umati wamwite. Wale wale waliomnyamazisha wakapewa kazi ya kumwita. Bwana hakuwafukuza, aliwageuza. Ndivyo anavyotaka kutugeuza sisi wenye magari, wenye vyeo na wenye sauti. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na anayeketi kwenye kiyoyozi ni rahisi kumsahau anayening'inia mlangoni. Wapo miongoni mwetu wanaopanga bajeti na ramani za jiji. Mwombeeni na kumsemea anayetembea kwa miguu katika vikao ambavyo yeye hawezi kuingia.

La tatu, Yesu alimuuliza kipofu anataka atendewe nini. Ajabu kubwa! Kila mtu aliona kwamba ni kipofu, lakini Bwana hakumwamulia, alimwuliza. Waheshimiwa wanaotupangia usafiri waige hekima hiyo. Wamuulize mama muuza samaki wa Feri anaondoka nyumbani saa ngapi. Wamuulize mlemavu ngazi ile anaipandaje. Wamuulize mwanafunzi.

Sisi nasi parokiani tuanze na tuliyo nayo. Halmashauri ya parokia inapojadili maegesho ya magari, iulize pia waenda kwa miguu wanaingia kwa mlango gani, na mwenye baiskeli ataifunga wapi. Wanajumuiya wanaotoka mtaa mmoja kwenda kazini mahali pamoja wapatane kusafiri katika gari moja. Ni mafuta kidogo, foleni kidogo, na huenda fumbo moja la Rozari likasaliwa njiani. Anayeweza kupanda basi siku mbili kwa wiki apande, akajifunze tena anavyoishi jirani yake. Makatekista wawafundishe watoto kuvuka barabara kwa usalama, na wawafundishe vijana wa bodaboda kwamba kofia ngumu ya pili ni ya abiria, si pambo la usukani.

Nabii Yeremia, katika somo la kwanza, anaona Mungu akiwarudisha watu wake nyumbani kwa njia iliyonyooka, isiyo na kikwazo. Nani wamo katika msafara huo? Nabii anawataja kipofu, kiwete, mwanamke mwenye mimba na yule anayejifungua. Hao ndio wanaoamua mwendo wa msafara mzima. Barabara ya Mungu hupimwa kwa aliye dhaifu kuliko wote. Ikiwa kipofu na mjamzito wanaweza kuipita kwa amani, sote tutapita. Na Bartimayo, alipopata kuona, hakurudi kukaa kando. Marko anasema alimfuata Yesu njiani. Aliyekuwa pembeni sasa yumo katika msafara, nayo njia ikawatosha wote.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyezitembea njia zetu kwa miguu yako, utufungue macho tuwaone walio kando ya barabara. Uwalinde wanaosafiri leo, uwafariji waliopoteza wapendwa wao kwa ajali, uwape madereva subira na viongozi wetu hekima, na utufikishe sote salama katika nyumba ya Baba. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Tunawatakia Dominika njema na safari njema.