Kitanda Kimoja, Wagonjwa Watatu: Mazungumzo kwa Wakazi wa Tuala

Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hospitali hutuma madai ya malipo kwa mtandao, na hapo ndipo udanganyifu huonekana. Kituo chenye vitanda 10 kikidai kimelaza wagonjwa 30 usiku mmoja, hesabu inakataa. Mwaka 2025 ukaguzi ulikuta waliotibiwa na kurudi nyumbani wameandikwa kuwa wamelazwa. Wizara ya Afya ikasimamisha vituo kadhaa. Pesa hizo ni za mama mboga, anayechangia angalau Sh300 kwa mwezi.

Lakini kompyuta haijui nani alilala wodini. Mgonjwa anajua. Kabla ya kuweka kidole kwenye mashine, aulize anathibitisha huduma gani, ya siku ngapi. Akiombwa kidole bila kutibiwa, akatae.