Mawaziri wa kwanza sita, mauaji ni yale yale

Wandugu, wadada, vijana wa Beni na Butembo,

Mwaka 1960 Lumumba alikaa waziri wa kwanza kama wiki kumi tu. Hawa wa leo walipewa muda. Tangu mauaji ya Beni yaanze Oktoba 2014, tumeona Matata, Badibanga, Tshibala, Ilunga, Lukonde na Suminwa. Sita! Na bado tunazika.

Januari 2021 wabunge walimuangusha Ilunga kwa kura. Haikuwa juu ya damu ya Beni. Ni muungano wao wa Kinshasa ndio ulivunjika. Kumbe nguvu wako nayo! Basi mbunge akirudi huku kuomba kura, tumuulize: kwa ajili yetu, uliisimamisha serikali gani ijibu?