Breki Laini ni Onyo

Hotuba juu ya kuchunguza Land Rover iliyokwisha tumika



Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya breki mbovu ni pedali iliyo laini. Mtu anunuapo motakaa iliyokwisha tumika, hasa ile iendeshwayo kwa magurudumu yote manne, hutazama kwanza rangi, mipira na injini. Ni vizuri kufanya hivyo. Walakini injini ikikataa, gari husimama. Breki zikikataa, gari halisimami. Kwa hiyo yapasa pedali ichunguzwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Uchukuliwe mfano wa mkulima mmoja wa Kinangop aliyetaka kununua Land Rover kuukuu ya kupelekea maziwa Naivasha. Njia ile huteremka kutoka kwenye baridi ya juu mpaka bondeni, na siku za shule watoto wake wangepanda nyuma pamoja na mikebe ya maziwa. Alipokanyaga breki, pedali ilizama karibu na sakafu. Mwenye gari akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Bwana. Ndiyo desturi ya gari hizi. Kanyaga mara mbili, itashika." Na kweli, mara ya pili ilishika. Mkulima hakubishana naye, bali alimwita fundi mzee.

Ili mambo yaeleweke, yafaa kujua kazi ya breki hizo. Mguu ukanyagapo pedali, pistoni husukuma mafuta ya breki kutoka katika silinda kuu, yakapita ndani ya mabomba membamba mpaka kwenye silinda ndogo za magurudumu. Hizo nazo hutanua viatu vya breki, vikakaza dramu. Mafuta hayashindiliki, lakini hewa hushindilika. Katika Land Rover nyingi za zamani, za ukoo ule ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka wa 1948, magurudumu yote manne hutumia njia moja ya mafuta. Pakivuja mahali pamoja, breki za mguu zaweza kupotea zote.

Kwanza, fundi aliliweka gari mahali tambarare, akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Hakutegemea breki ya mkono peke yake, kwa kuwa katika Land Rover hizo haikamati magurudumu yenyewe. Hukamata shafti iliyo nyuma ya sanduku la gea. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, gari laweza kubiringika ijapokuwa breki hiyo imefungwa. Watu wengi hawalijui jambo hili.

Pili, alikanyaga pedali mara kadhaa upesi upesi. Pedali ikipanda na kuwa ngumu, yamkini viatu vimelika au vimekaa mbali na dramu, navyo vyahitaji kukazwa. Ikipanda lakini ikaendelea kudunda kama mpira wa kuchezea, mna hewa ndani. Hiyo ya mkulima ilipanda na kuwa ngumu. Fundi akavikaza viatu vya kila gurudumu, na pedali ikashika kwa mkanyago mmoja. Mwenye gari akacheka, akasema, "Je, Mzee, sikumwambia?"

Mzee hakujibu. Tatu, alikanyaga kwa nguvu na kuushikilia mguu wake pale pale kwa muda wa dakika moja. Pedali ikaanza kuteremka pole pole, kama mguu uzamao katika matope. Hapo ilijulikana kwamba mafuta yana mahali pa kutorokea.

Nne, aliitafuta njia hiyo. Alitazama upande wa ndani wa kila gurudumu, viungo vya mabomba, na mipira ya breki, huku mtu mwingine akikanyaga, ili aone kama uko mpira unaovimba. Kote palikuwa pakavu. Mafuta katika kikopo chake nayo hayakupungua. Basi yalikuwa yakirudi nyuma ndani ya silinda kuu, kwa kupita kando ya vipete vya mpira vilivyochakaa. Ugonjwa huo hauonekani kwa macho; huonekana kwa mguu ulio na subira.

Tano, aliyatazama mafuta yenyewe, akayaona meusi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Yale ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya digrii 230 za sentigredi. Yakiisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye 155. Mteremko mrefu huzipasha breki moto mwingi. Mafuta yakichemka hugeuka mvuke, nao hushindilika kama hewa, na pedali iliyokuwa nzuri kileleni huzama kabla ya kufika bondeni. Kwa hiyo yafaa kuyabadili kila miaka miwili, na kuteremka kwa gea ndogo.

Mwenye gari alitaka kupunguza bei. Mkulima akamjibu, "Ndugu yangu, bei ikipungua mteremko haupungui." Akarudi nyumbani kwa basi na fedha zake, na wako waliomcheka.

Baada ya siku chache aliitwa tena. Silinda kuu mpya ilikuwa imetiwa, pamoja na mafuta mapya ya breki kutoka kopo lililokuwa halijafunguliwa. Mafuta ya injini hayakutumika, maana huvimbisha na kuharibu vipete vya mpira. Hewa ilitolewa kwa kuanzia gurudumu lililo mbali kabisa na silinda kuu na kumalizia lililo karibu. Safari hii mkulima alikanyaga mwenyewe, akahesabu mpaka sitini. Pedali haikuteremka. Ndipo alipohesabu fedha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa breki haumpi mtu nafasi ya kujenga. Dakika moja ya kushikilia pedali haigharimu hata senti moja, na kila anunuaye gari aweza kuitumia kabla hajawapandisha watoto wake nyuma.