Betri Haikuwa na Kosa

Leo nataka kuwaeleza habari za gari lililokufa umeme. Huenda wewe huna gari. Tafadhali usizime redio, kwa maana habari hii inamhusu pia kijana mmoja niliyemlaumu bure.

Marehemu baba yangu aliniachia gari aina ya Peugeot 404, lile refu lenye safu tatu za viti. Wazee mnalikumbuka. Magari ya aina hiyo yalishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha mwaka 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na mwaka 1968 njia ilikuwa mbaya hata magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa Peugeot 404. Katika miaka ya 1970 Peugeot za namna hiyo zilikuwa teksi za safari ndefu, zikichukua abiria kati ya Kisumu na Nairobi. Basi nililipenda gari hilo kupita kiasi. Mwaka 2022, binti yangu alipokaribia kuolewa, nililipeleka likapakwa rangi upya, jeupe kama maziwa. Watu wakalisifu, nami nikavimba kichwa.

Miezi miwili baadaye tulikuwa tukirudi kutoka Kakamega, mimi na mpwa wangu, mwana wa dada yangu, aliyekuwa akikaa kwangu ili asome. Tukapita Kiboswa, tukateremka hadi Mamboleo jua likizama. Nikasimama karibu na njia panda ya kwenda Miwani ili ninunue ndizi. Niliporudi nikawasha taa, zikawaka hafifu. Nikazungusha ufunguo. Gari likalia "tak!" mara moja, kisha kila kitu kikafa: taa, honi, hata ile taa ndogo ya dashibodi.

Vijana wema wakaja kusukuma. Wakasukuma mpaka jasho likawatoka, gari lisiamke. Sasa najua sababu. Injini ya petroli hutaka cheche, na cheche hutoka kwenye koili. Koili isipopata umeme, hata ukisukumwa mpaka Kondele injini haitawaka.

Nikamgeukia mpwa wangu. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemkuta ndani ya gari akisikiliza redio. Nikamwambia mbele ya mama wauza ndizi, "Wewe ndiwe uliyeimaliza betri!" Akajibu kwa upole, "Mjomba, nilisikiliza habari tu, kisha nikazima." Nikamwita mwongo. Gari likalala kwenye kituo cha petroli, nasi tukaenda nyumbani bila kusemezana.

Asubuhi nikanunua betri mpya kwa fedha nilizokuwa nimemwekea karo, nikamwambia kwamba hiyo ndiyo adhabu yake. Hakubishana nami. Alikunja nguo zake, akapanda matatu kwenda kwa mama yake, Ahero.

Nikarudi Mamboleo, nikaifunga ile betri mpya kwa mkono wangu. Nikazungusha ufunguo. Tak! Giza.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo nilipomwita fundi, mzee mmoja wa jua kali anayetengeneza umeme wa magari. Alipofika hakufungua kitu chochote. Aliniuliza, "Mwalimu, ni nani aliyekuambia kwamba betri ya zamani ni mbovu?"

Nikasema, "Nilijua tu."

"Uliipima?"

"Sikuipima."

Akatoa kipimo chake cha volti. Akanieleza kwamba betri ya gari ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na kidogo. Betri iliyojaa, ikiwa imepumzika, huonyesha kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 12, ujue imekaribia kwisha. Akaipima ile niliyoitupa kando: 12.5. Hakuridhika na hayo. Akaunga taa kubwa ya gari juu ya vichwa vya betri hiyo, akaiacha iwake robo saa. Haikufifia. Akasema, "Betri hii haina kosa. Tulitafute kosa lilipo."

Akairudisha betri ya zamani mahali pake. Akawasha swichi ya taa, na taa hazikuwaka. Akagusa vichwa vyote viwili vya betri kwa kipimo: volti 12 na zaidi. Kisha waya mmoja wa kipimo akauacha kwenye kichwa cha chanya, na wa pili akaugusa kwenye chuma kitupu cha bodi. Kipimo kikaonyesha karibu sifuri. Akacheka. "Betri inao umeme, lakini bodi haina habari."

Maana yake ni hii. Katika gari umeme hutoka katika betri kwa waya, ukafanya kazi katika taa au stata, kisha ukarudi kwa njia ya chuma cha gari lenyewe. Chuma hicho kimeungwa na kichwa cha hasi cha betri kwa waya mnene unaoitwa waya wa ardhi. Ukikatika hapo, gari zima limekufa, hata kama betri ni mpya.

Akachukua waya mwingine mnene, akaunga kichwa cha hasi na chuma cha injini. "Zungusha," akasema. Injini ikawaka mara moja.

Kisha akazima, akafungua bolti ya waya wa ardhi. Ndugu zangu, chini yake mlikuwa na nini? Rangi nyeupe kama maziwa, na kutu iliyoanza kuizunguka. Waliopaka rangi walikuwa wamerudisha waya juu ya rangi mbichi, na rangi haipitishi umeme. Bolti peke yake ilikuwa inashika kidogo, na tetemeko la barabara likailegeza. Kikulacho ki nguoni mwako. Kosa lilikuwa ndani ya ile rangi niliyojivunia.

Nikamwuliza, "Mbona basi taa ziliwaka kidogo kwanza?" Akasema taa mbili za mbele hutumia kama ampea nane tu, lakini stata hutaka zaidi ya mia moja. Mahali palipoungana vibaya hupitisha kitu kidogo, ila ukidai kikubwa, panashindwa.

Maneno hayo yalinichoma moyo. Mimi na kijana yule tulikuwa tukisalimiana kila asubuhi na kula pamoja. Kidogo kilipita. Siku ilipodaiwa kubwa, yaani kumwamini, hapakuwa na kitu.

Kwa ninyi wenye magari ya zamani, shikeni utaratibu wa fundi huyu. Gari likifa lote kabisa, msianze na fyuzi ya kitu kimoja kimoja. Anzeni mahali ambapo umeme wote hupita: betri, vichwa vyake, waya wa ardhi, na waya mkuu wa chanya. Mkiona unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa, uosheni kwa maji ya moto yenye magadi, yasiingie ndani ya betri. Kwanguweni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni, ndipo mpake grisi juu. Mkifungua betri, ondoeni waya wa ardhi kwanza, na mkifunga, uwe wa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete moto. Wala mtu asivute sigara hapo, maana betri hutoa hewa inayolipuka.

Nami nilifanya nini? Niliiuza betri mpya kwa hasara, nikatafuta fedha iliyopungua, nikaenda Ahero na karo mkononi. Kijana alikuwa amekosa majuma mawili ya masomo. Niliomba msamaha mbele ya mama yake na majirani, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mjomba, na gari lilikuwa na nini?" Nikamweleza habari ya rangi. Hakucheka. Aliingia garini, akakaa kiti cha nyuma. Ilichukua miezi kadhaa kabla ya kurudi kukaa mbele karibu nami.

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayekiona kibanzi katika jicho la ndugu yake, asiione boriti iliyo ndani ya jicho lake. Mimi nilihukumu bila kupima. Je, wewe yuko nani nyumbani mwako ambaye umemlaumu kwa sababu "ulijua tu"? Mke? Mtoto? Mfanyakazi? Kabla jua halijazama leo, pima kwanza. Na anza kupima chini ya rangi yako mwenyewe.